Kabla hujazilaumu hedifoni, angalia vimpira vyake

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Kuna siku nilinunua hedifoni zile ndogo za kuingia ndani kabisa ya sikio, boksi limejaa maneno ya besi nzito na sauti ya studio, nikafika nyumbani nikazichomeka nikasikia kitu chembamba, kikavu, kama redio inayolia chumba cha pili. Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza tena. Nilikaa nazo hivo wiki nzima, masikio yananiuma na kichwa kinavuma kila nikizitoa, na kila aliyeniuliza nilimwambia usinunue hizi, takataka. Alafu usiku mmoja nimelala chali nasikiliza, ya upande wa kulia ikataka kudondoka, nikairudisha kwa kidole nikaisukuma ndani kidogo, besi ikaingia ghafla, nzito, mpaka nikashtuka. Nikaachia kidole, besi ikatoka. Nikasukuma, ikarudi. Kumbe hedifoni nzima, sikio zima, ila vile vimpira vya mbele vilikuwa vidogo kwangu na hewa ilikuwa inavujia pembeni muda wote.

Tangu hapo mtu akiniuliza achukue hedifoni gani namuuliza kwanza, masikio yako unayajua? Maana kwenye hizi za kuingia sikioni watu wanaongelea ubora wa sauti, starehe na usalama kama vitu vitatu tofauti, wakati vyote vinaanzia sehemu moja, pale mpira unapokutana na ngozi. Ukiziba vizuri besi inakuja, kelele za nje zinapungua, na zikipungua husukumwi kuongeza sauti. Ukikosea hapo hata ununue za gharama ya juu umenunua urembo.

Kwanza ziba sikio

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 hivi na halijanyooka, limepinda kidogo, na la kushoto na la kulia si lazima yalingane. Mi kulia natumia kimpira kikubwa, kushoto cha kati. Ndani ya boksi kwa kawaida unakuta saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, za kati ndo zinakuja zimeshavalishwa, na watu wengi zile zingine hawazigusi kabisa, zinaishia kwenye droo pamoja na karatasi ya maelezo. Zitoe. Anza na kubwa kuliko unavyodhani unahitaji alafu shuka, kwa sababu ndogo ikiingia inaingia kiulaini na inakudanganya kuwa imekaa, kumbe imezama tu bila kugusa pande zote.

Kuvaa kwenyewe kuna namna yake. Usisukume moja kwa moja kama unaziba chupa. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, shika sikio sehemu ya juu, livute taratibu kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke, alafu mkono mwingine uingize hedifoni huku unaizungusha kidogo, ikishakaa achia sikio lijifunge lenyewe. Ukishafanya mara tatu nne mkono unazoea hata hufikirii. Kutoa nako ni taratibu, izungushe kwanza hewa iingie ndo uvute, maana ukichomoa kwa nguvu kitu kilichoziba vizuri kinavuta ngoma ya sikio na yale maumivu si ya kuchezea.

Sasa jaribu. Weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, sauti iwe ndogo tu, kisha bonyeza hedifoni kwa kidole ndani kidogo sana. Besi ikiongezeka ukibonyeza, hujaziba, badilisha saizi. Isipobadilika, umeziba. Baada ya hapo tafuna kama unakula, tabasamu mpaka meno yaonekane, geuka kushoto na kulia, kwa sababu taya likicheza na tundu la sikio linabadilika umbo, na hedifoni nyingi zinafaulu mtihani ukiwa umetulia kwenye kiti alafu zinafeli ukianza kuongea na mtu.

Mtihani wa mwisho ni nusu saa. Kaa nazo nusu saa kamili bila kuzigusa ndo uamue. Dakika tano za kwanza kila hedifoni ni starehe. Maumivu yakija, angalia yanatokea wapi, yakiwa ndani ya tundu ni kimpira kikubwa au kigumu, dawa yake ni kubadili saizi au aina, lakini yakiwa pale nje kwenye kile kibakuli cha sikio basi ni mwili wa hedifoni unabana kwenye gegedu, na hapo hakuna kimpira kitakachokusaidia, hiyo hedifoni si ya sikio lako, irudishe bila huruma. Wenye masikio madogo hili linawakuta sana, wanunue zenye mwili mdogo na shingo ndefu kidogo, wala wasidanganywe kwamba zitazoea.

Kuna vimpira vya silikoni na vya sponji. Silikoni ni rahisi kuosha, inadumu, inaacha sauti za juu zing'ae. Sponji unaifinya kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unaingiza haraka, unaishikilia sekunde 20 au 30 itanuke ndani, na ikishatanuka inaziba kelele kuliko silikoni nyingi, ila inapunguza makali ya sauti za juu kidogo, inachafuka, na baada ya miezi michache inachoka inabidi ununue nyingine. Mtu ambaye silikoni zimemkataa kabisa ajaribu sponji kabla hajauza hedifoni zake. Ukinunua vimpira vya ziada angalia upana wa ile shingo ya hedifoni yako, havilingani, nusu milimita tu inatosha kimpira kikabaki sikioni wakati hedifoni imetoka. Ilishanitokea. Nilihangaika na kioo na tochi ya simu dakika kumi nikitaka kuingiza kibano, bahati nzuri nikaacha, nikaenda hospitali kikatolewa muda mfupi tu. Kikikwama ndani usichokonoe kwa pini wala kijiti cha pamba, unakisukuma kwenye ngoma ya sikio.

Sauti nzuri inasikikaje

Hapa kila mtu ana ladha yake na mi sitaki kumpangia mtu, ila kuna vitu havina ubishi. Sauti ya binadamu isikike kama binadamu. Kwa hiyo mi kabla ya muziki najaribu hedifoni kwa mtu anayeongea, mahojiano ya redio au hotuba, sauti ya mtu ninayemjua. Akisikika kama anaongelea ndani ya pipa, besi imemeza katikati. Akisikika kama anapigia simu, besi haipo. Na sikiliza sana herufi S, maneno kama sisi, siasa, sasa hivi, hedifoni nyingi za bei ya chini zimeongezwa makali sehemu hiyo ili zionekane zina sauti safi, dakika mbili za kwanza unafurahi, baada ya saa moja kila S inakuchoma kama sindano na hujui kwanini umechoka.

Sikio lenyewe kwa asili linakuza sauti za maeneo ya hezi 3,000 hivi, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde, ni kwa sababu ya umbo na urefu wa lile tundu. Ukilichomeka hedifoni hiyo kazi inavurugika, ndo maana wahandisi wanalazimika kuirudisha wenyewe, wanainua sauti za maeneo hayo kwa makusudi. Wakiinua kidogo waimbaji wanakuwa mbali, wakizidisha wanakupigia kelele usoni. Kwa hiyo hedifoni inayosikika "imenyooka" sikioni, yaani hakuna sauti iliyozidi nyingine, kwenye vipimo haijanyooka hata kidogo, na mtu akikuonyesha mchoro wenye kilima pale katikati usiogope, kinatakiwa kiwepo.

Kwenye muziki tafuta wimbo wenye ngoma na gitaa la besi pamoja. Hedifoni nzuri unasikia teke la ngoma linagonga na kuacha, na gitaa linaendelea chini yake, vitu viwili. Mbovu unasikia mngurumo mmoja tu. Alafu tafuta wimbo uliorekodiwa jukwaani watu wanapiga makofi, makofi yakisikika kama makofi ya mikono uko pazuri, yakisikika kama mafuta yanakaanga sauti za juu zina matatizo.

Na kuna mtego mmoja unawakamata hata wazoefu. Ukilinganisha hedifoni mbili, ile yenye sauti kubwa kidogo itaonekana bora, hata tofauti ikiwa ndogo mno husemi ni kubwa, unasema ni "safi zaidi". Wauzaji wanalijua hili. Kwa hiyo kabla hujaamua rekebisha sauti zilingane, weka ile ya mtu anayeongea iwe sawa pande zote mbili, alafu ndo ulinganishe, na usizipokezane haraka haraka, sikiliza wimbo mzima mzima.

Maandishi ya kwenye boksi yasome lakini usiyaabudu. Binadamu anasikia kuanzia hezi 20 mpaka 20,000, na hiyo ya juu ni ya kijana, ukubwa unavyokuja inashuka, sasa boksi likiandika 40,000 linamuandikia popo. Ukubwa wa spika ya ndani kwa milimita nao haukuambii kitu peke yake. Idadi ya spika vilevile, kuna hedifoni za spika moja zinazofunika za spika tano, maana spika tano zisipopatanishwa vizuri zinagombana. Spika ya kawaida yenye ngozi na koili, watu wanaiita dainamiki, ina besi yenye uzito. Zipo zingine ndogo sana zilizotokana na teknolojia ya vifaa vya kusaidia kusikia, hizo ziko haraka na zina undani kwenye sauti za waimbaji, na wengine wanachanganya zote mbili ndani ya hedifoni moja. Zote zinaweza kuwa nzuri, zote zinaweza kuwa hovyo.

Vitu viwili vyenye maana kwenye boksi ni omu, yaani ukinzani wa umeme wa hedifoni, na desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Hedifoni ya omu 16 mpaka 32 simu yoyote inaisukuma bila shida. Ila ikiwa na desibeli nyingi sana kwa kila miliwati, ujue hatua moja ya kitufe cha sauti itakuwa kubwa na kwenye baadhi ya vifaa utasikia kamlio ka "shhh" nyuma wakati muziki umenyamaza. Na kama sauti unaipenda kwa asilimia tisini, iliyobaki malizia kwenye ekwalaiza ya simu, ile setingi ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, lakini kwa kupunguza, sio kuongeza. Besi imezidi? Punguza besi. Waimbaji wako mbali? Punguza vilivyobaki. Ukiongeza tu kila kitu unaishia na mkwaruzo.

Waya au Bluetooth

Kwa hela ileile waya inakupa sauti bora, hiyo sibishani na mtu. Haina betri ya kufa, haicheleweshi sauti kwenye gemu, na ukichukua zenye waya wa kuchomoa, waya ukikatika unabadilisha waya peke yake. Ubaya wake waya ukigusa nguo unasikia krr krr mpaka kichwani, dawa ni kuupitisha juu ya sikio kwa nyuma badala ya kuuachia uning'inie, na hapo hata hedifoni yenyewe inakaa vizuri zaidi. Simu yako kama haina tundu la jeki ya milimita 3.5 tafuta zenye USB-C, au adapta, na adapta hakikisha ni ile yenye kibadilisha sauti ndani yake, kuna zingine ni waya mtupu, kwenye simu nyingi hazitoi kitu.

Bluetooth ni raha, mi mwenyewe kutwa niko nazo, ila jua unachonunua. Betri zake ni ndogo mno, baada ya miaka miwili mitatu ya kutumia kila siku muda wa kusikiliza unapungua waziwazi, na nyingi hazifunguki, kwa hiyo hiyo ni bidhaa yenye tarehe ya kufa. Kuhusu kodeki, yaani namna sauti inavyobanwa ili ipite kwenye Bluetooth, watu wanapigana sana. SBC ndo ya msingi ipo kila mahali, AAC ndo inayotumiwa na iPhone, aptX na LDAC utazikuta kwenye simu za Android, LDAC inafika kilobiti 990 kwa sekunde mawimbi yakiwa mazuri. Ukiwa na iPhone usilipie hela ya ziada kwa ajili ya LDAC, hutaitumia. Na kwa uzoefu wangu kimpira kilichokaa vizuri na SBC kinashinda LDAC inayovuja hewa, tena mbali.

Kwa wanaofanya mazoezi, IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurukia, yaani jasho na manyunyu. IPX7 inastahimili kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa, lakini ni maji safi na ni hedifoni, sio kikasha cha kuchajia. Kikasha mara nyingi hakina kinga hiyohiyo, usirudishe hedifoni ndani ikiwa imelowa.

Masikio hayana vipuri

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo mno, kwa kila sikio ni kama elfu 15 hivi, ndo zinazogeuza mtikisiko kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuziotesha, hakuna kupumzika zikarudi. Na zinazotangulia kuondoka ni za sauti za juu, kwa hiyo huoni kwamba umepoteza kitu, unaona tu watu siku hizi wanaongea kwa kumung'unya.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Watoto 75 kwa masaa hayohayo 40. Sasa hesabu yake ndo watu hawaijui, kila ukiongeza desibeli 3 nishati ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda unakatwa nusu. 83 ni masaa 20. 86 ni masaa 10. Ukifika 90 umebakiwa na masaa kama 4 kwa wiki nzima, na kwenye 100 ni dakika 20 hivi, wiki nzima, sio siku. Na ubaya wenyewe sikio halikwambii, desibeli 3 kwako ni kama umegusa kitufe kidogo tu, mpaka zifike kama 10 ndo unasema aah imekuwa kubwa mara mbili, wakati huo nishati imeshazidi mara kumi.

Utasikia watu wanasema weka asilimia 60 kwa dakika 60. Si mbaya kama pa kuanzia, ila asilimia 60 ya simu yangu na hedifoni zangu sio asilimia 60 yako. Bora upime. iPhone inakuonyesha desibeli za hedifoni wakati unasikiliza na kuna setingi ya kuweka ukomo ambao sauti haiuvuki, simu nyingi za Android nazo zina kikomo cha sauti kwenye setingi za sauti, tafuta uiweke leo, hasa kwenye simu anayochezea mtoto. Namba hizo zinakuwa na uhakika zaidi kwa hedifoni ambazo simu inazitambua, hizi zingine chukulia kama makadirio.

Mbinu yangu mi ni ya kizamani. Nikiwa chumbani kimya kabisa naweka sauti inayonitosha, naangalia imekaa wapi, hiyo ndo dari yangu. Nikitoka nje kukiwa na kelele siivuki. Nikishindwa kusikia, jibu sio kitufe, jibu ni kimpira, au nizizime tu. Maana tatizo kubwa sio kwamba watu wanapenda sauti kubwa, ni kwamba wako ndani ya basi linalonguruma, muziki unashindana na injini, wanaongeza mpaka ushinde, alafu wanashuka sauti imebaki hapohapo.

Ndo maana kufuta kelele, ile teknolojia ya maiki zinazosikiliza nje alafu hedifoni inatoa wimbi la kinyume, mi naihesabu kama kinga ya masikio na sio anasa. Inafanya kazi vizuri sana kwenye ngurumo za chini zisizobadilika, injini ya ndege, feni, basi. Kwa watu wanaopiga soga pembeni yako haifui dafu sana, hao wanazuiwa na mpira. Kwa hiyo hata hedifoni ya kufuta kelele isipoziba nayo inafuta nusu nusu, tunarudi palepale.

Ila barabarani zima. Hedifoni iliyoziba vizuri inaziba na honi. Ukitembea au ukiendesha baiskeli tumia ile hali ya kupitisha sauti za nje, kama haipo toa sikio moja, na hilo lililobaki usiliongezee sauti kufidia mwenzake. Kuna watu wanahamia zile za kupitisha sauti kwenye mfupa karibu na sikio, ni nzuri kwa kukimbia kwa sababu tundu linabaki wazi, lakini usidhani zinakwepa madhara, sauti inaishia kwenye chembe zilezile, ukizidisha umezidisha.

Ukizitoa ukasikia mlio masikioni, nziii, au dunia imekuwa kama imefunikwa na blanketi, umeshapitiliza. Hata ukiisha kesho usihesabu kwamba hakuna kilichotokea. Ukirudia rudia nenda ukapimwe kusikia. Na ukiamka siku sikio moja limepoteza usikivu ghafla, hiyo usisubiri wiki ukidhani ni nta, nenda hospitali siku hiyohiyo, kuna hali zinatibika zikiwahiwa na zikicheleweshwa hazirudi.

Mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka au sikio linalotoa usaha hizi za kuingia ndani asiziguse mpaka daktari aseme. Kulala nazo ubavu siipendi, mto unazisukuma ndani, na usingizi ukikupitia muziki unaendelea usiku kucha, weka kipima muda izime yenyewe.

Siku ya kununua

Ukipata nafasi ya kujaribu, nenda na simu yako, nyimbo zako, na vimpira vyako vya silikoni visafi, maana vya pale dukani vimeshaingia masikio ya watu wengi. Uliza kama unaweza kurudisha, ndani ya siku ngapi, na kama wanakubali boksi likiwa limefunguliwa, kwa sababu bila ile nusu saa ya kuvaa unacheza bahati nasibu. Majina makubwa yanaigwa sana, na feki za siku hizi zinafanana mpaka boksi, hata zikiunganishwa na simu zinaleta picha ileile, kwa hiyo ingiza namba ya kifaa kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa, na bei ikiwa nusu ya kila mahali pengine umeshajijibu. Kwenye boksi hesabu vimpira, ikiwa kuna saizi moja tu achana nazo.

Alafu usafi, huu watu wanauona wa mwisho lakini ulitaka kunitia hasara. Hedifoni zangu za sasa, ya kushoto ilianza kushuka sauti taratibu, nikawa naongeza, kulia kunapiga kelele kushoto kunanong'ona, nikajua spika imekufa, nikaanza kuangalia mpya. Kabla sijanunua nikatoa kimpira nikamulika na tochi ya simu kwenye kile kiwavu cha mbele. Nta imekiziba chote, limebaki tundu dogo kama la sindano. Nikachukua mswaki mpya mkavu, nikaigeuza hedifoni mdomo uangalie chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuingia ndani, nikaisugua taratibu dakika mbili bila maji wala pombe kwenye wavu, vimpira peke yake nikaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nikaviacha vikauke kabisa. Nikavaa. Kushoto kukarudi kwa nguvu mpaka nikalazimika kuipunguza sauti hatua nne, na hapo ndo nikajua miezi miwili ile sikio la kulia lilikuwa linapigwa kiasi gani.